Kufufua kisomaji cha kadi za sumaku kwenye kikokotoo cha zamani: mwongozo kamili

Ukinunua leo kikokotoo cha miaka ya 1970 chenye kisomaji cha kadi, tarajia hivi: kinawaka, kinajumlisha, kinatafuta kipeuo cha pili bila kusita, ila kadi haipiti. Unaisukuma kwenye mlango wa kulia, mota inalia kidogo, kadi inabaki ilipo. Wauzaji wengi huandika "kisomaji kimekufa" na kushusha bei. Mara nyingi hakijafa. Kilichokufa ni kipande cha mpira kidogo kuliko kifungo cha shati, na mpira huo unabadilishwa nyumbani kwa jioni mbili za kazi tulivu.

Nitatumia HP-67 ya Hewlett-Packard (HP) kama mfano wa kudumu kwa sababu ndiyo niliyoifungua mara nyingi zaidi, na HP-65 inafanana nayo sana. Hatua zenyewe zinafaa pia kwa SR-52 na TI-59 za Texas Instruments, na kwa kisomaji cha 82104A kinachochomekwa juu ya HP-41. Umbo la ndani linatofautiana, lakini ugonjwa ni mmoja.

Kwa nini zote zinaugua ugonjwa uleule

HP-65 ilitoka Januari 1974 kwa dola 795, ikiwa ya kwanza ya mkononi kuhifadhi programu kwenye kadi ya sumaku. Ilibeba hatua 100 za programu. Julai 1975 ilipanda angani na wanaanga wa Marekani katika safari ya Apollo-Soyuz. Mwaka huohuo ikaja SR-52, mwaka 1976 HP-67 na ndugu yake wa mezani HP-97 zenye hatua 224, kisha mwaka 1977 TI-59 iliyofikia hatua 960. Zote zina wazo lilelile: mota ndogo inazungusha gia, gia inazungusha ekseli, ekseli ina rola ya mpira, na rola hiyo inaikamata kadi na kuiburuta juu ya kichwa cha sumaku kwa kasi isiyoyumba.

Ule mpira haukutengenezwa udumu miaka hamsini. Umri na hewa huuvunjavunja, na badala ya kukauka na kupasuka kama mpira wa gari, unalainika. Unageuka utomvu mweusi, mzito kama asali iliyolala, unaonata kidoleni na kuacha nyuzi ukiuvuta kwa kibano. Utomvu huo haukai mahali pake. Unatiririka chini ya rola, unafika kwenye gia, unapanda juu ya kichwa, na kama mwenye mashine alijaribu kadi mara kumi kabla ya kukata tamaa, basi umesambazwa kwenye njia nzima na kwenye kadi zenyewe.

Kwa hiyo kabla ya lolote: ukipata mashine ambayo hujui kama imewahi kutengenezwa, usiingize kadi. Hasa usiingize kadi ya zamani yenye programu unayoitaka. Kadi moja tu iliyopita kwenye utomvu inatosha kuuhamishia kwenye mashine ya pili iliyo safi.

Anza na umeme

Watu hukimbilia bisibisi. Mimi huanza na betri, kwa kuwa mota ya kadi ndiyo mlaji mkubwa wa umeme katika mashine nzima. Betri dhaifu inaweza kuwasha taa za namba vizuri kabisa halafu ikaanguka mara tu mota inapoanza.

Pakiti ya HP-65 na HP-67 ina seli tatu za nikeli-kadimi zenye ukubwa wa AA, jumla volti 3.75. Za asili karibu zote zimeshavuja au zimekufa. Ukijenga pakiti upya, tumia seli tatu za kuchajika, iwe nikeli-kadimi au nikeli-metali-hidridi (NiMH). Betri tatu za kawaida za volti 1.5 zinafikisha 4.5, na zikibaki ndani halafu mtu akachomeka chaja, hatari ni kubwa.

Na hili liandike kwa kalamu nyekundu: kwenye mashine hizi za HP usiwashe kwa chaja bila betri kuwamo ndani. Betri ndiyo inayotuliza volti za chaja. Bila betri, volti zinapanda na kuzifikia chipu ambazo hakuna anayezitengeneza tena. Nimewahi kupokea HP-67 yenye rola nzuri na mota nzuri, imeuawa kwa kosa hilo moja, na sikuwa na la kufanya ila kuivunja iwe vipuri.

Angalia vibati vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, hiyo ni alkali iliyovuja. Ilainishe kwa tone la siki kwenye kijiti cha pamba, subiri itulie, futa kwa maji yaliyochujwa, malizia kwa alkoholi na uache ikauke kabisa. Kisha weka pakiti iliyojaa na upime volti kwenye vibati kwa multimita wakati mota inazunguka, si wakati imetulia. Volti zikishuka chini ya 3.4 hivi, shughulikia betri na vibati kwanza. Nimeona "kisomaji kilichokufa" kikipona kwa kusuguliwa vibati tu.

Vitu vya kuweka mezani

Bisibisi ndogo ya msalaba yenye ncha inayokaa vizuri (ncha iliyolika itakuharibia kichwa cha skrubu siku ya kwanza). Kibano chembamba. Alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Vijiti vya pamba vingi, kwani thelathini huisha upesi. Vijiti vya meno vya mbao. Kalipa inayosoma hadi sehemu ya mia ya milimita, au angalau ya kumi. Wembe mpya. Multimita. Sinia nyeupe yenye ukingo, ambayo utajua sababu yake baada ya muda mfupi. Simu ya kupigia picha.

Usilete asetoni wala tina karibu na meza. Zinayeyusha plastiki ya kasha. Na yale mafuta ya kupuliza ya kulegeza kutu hayana kazi hapa. Yakifika kwenye rola, kadi itateleza milele.

Kufungua

Toa betri. Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi ili utoe umeme tuli mwilini, na urudie kugusa kila unaporudi mezani, maana chipu za enzi hizo huuawa na cheche usiyoisikia.

Skrubu za mashine hizi hupenda kujificha chini ya miguu ya mpira na chini ya lebo ya mgongoni. Pitisha ukucha juu ya lebo. Penye shimo utahisi kibonde. Ipashe lebo joto la kikausha nywele kidogo, kisha inyanyue kwa ukucha kuanzia pembeni, polepole, ili isikunjike. Lebo iliyokunjika hainyooki tena. Ibandike kwenye karatasi ya nta isubiri.

Skrubu zikishatoka na kasha bado halijaachia, usilazimishe kwa bisibisi. Kuna kulabu za plastiki. Bana pande mbili kwa vidole gumba, sikiliza, tafuta upande unaokubali. Likiachia, fungua kama kitabu, usiivute nusu moja kwenda mbali, kwa kuwa kuna nyaya nyembamba sana zinazounganisha kisomaji na bodi. Waya za kichwa cha sumaku ndizo nyembamba kuliko zote. Zikikatika utazirudisha kwa solda, ila utaomba usiwe umezikata.

Sasa piga picha. Piga ya juu, ya kulia, ya kushoto, na ya karibu penye kila rangi ya waya. Ukidhani zinatosha, ongeza tano.

Sinia na vigololi

Ndani ya njia ya kadi kwenye visomaji vya HP kuna swichi ndogo zinazoiambia mashine kwamba kadi imeingia, imefika kichwani, na kama inaruhusiwa kuandikwa. Swichi hizi huguswa na vigololi vidogo: kadi inapopita inakisukuma kigololi, nacho kinasukuma ulimi wa shaba. Vigololi vinakaa tu kwenye matundu yake, havijabanwa na chochote. Ukifungua kisomaji huku kimeinama, vinadondoka.

Mara ya kwanza nilipofungua kimoja nilisikia "tik" moja sakafuni. Nikapiga magoti na tochi kwa dakika arobaini, nikakipata kwenye ufa wa ubao. Tangu siku hiyo kila kisomaji nakifungulia ndani ya sinia nyeupe, kikiwa kimelala, na kabla ya kutenganisha vipande viwili nahesabu matundu. Hesabu na wewe, uandike. Vigololi vinavyotoka viende kwenye kikombe chenye mfuniko, na ukumbuke kila kimoja kimetoka tundu lipi kama unaona tofauti ya ukubwa.

Visomaji vya aina nyingine vina swichi za aina nyingine, ila kanuni ya sinia ibaki.

Kusafisha: hapa ndipo kazi ilipo

Wengi huichukulia hatua hii kama utangulizi wa kuweka mpira mpya. Naona kinyume chake. Mpira mpya unawekwa kwa dakika tano. Usafi unachukua saa mbili, na visomaji vinavyorudi kuharibika baada ya mwezi karibu vyote vilisafishwa nusunusu. Utomvu ulioachwa kwenye pembe ya gia utalainika siku ya joto na kurudi kwenye rola mpya.

Ondoa kwanza kilicho kingi bila kimiminika. Zungusha kijiti cha meno kwenye utomvu kama unavyozungusha tambi kwenye uma, uvute, ufute kwenye karatasi, rudia. Ukianza na alkoholi mapema utaugeuza utomvu kuwa wino mweusi unaokimbilia kila tundu.

Kikibaki kidogo, ndipo lowesha pamba kwa alkoholi, iwe na unyevu bila kudondosha, ukifuta kuelekea nje ya mashine. Kijiti kimoja, mifuto miwili, tupa. Ekseli ya rola ing'ae chuma tupu pande zote. Ikiwa na michirizi ya kahawia, mpira mpya utateleza juu yake. Kagua meno ya gia moja moja kwa kioo cha kukuzia na uchokoe kwa ncha ya kijiti cha mbao. Kamwe usitumie sindano ya chuma karibu na meno ya plastiki wala karibu na kichwa.

Angalia pia panapokutana mota na gia. Kama kwenye mashine yako kuna kiungo cha mpira kinachopeleka mzunguko wa mota kwenye gia, jua kwamba mpira huo ni wa umri uleule na huenda nao umelainika. Hili husahaulika sana. Mtu anaweka rola nzuri, mota inazunguka, rola haizunguki, anailaumu rola. Kiungo hicho hubadilishwa kwa kipande kifupi cha mrija wa silikoni kinachobana ekseli zote mbili.

Kichwa cha sumaku kisafishe mwisho, kwa pamba mpya na alkoholi safi, kwa mwelekeo uleule kadi inaopita. Kina njia zaidi ya moja kando kwa kando, na utando usioonekana kwenye njia moja unatosha kuharibu usomaji wote, hivyo rudia hadi pamba itoke nyeupe mara mbili mfululizo.

Ukiwa hapo, mambo mawili usiyafanye. La kwanza, usiguse skrubu zinazoshikilia kichwa. Pembe yake iliwekwa kiwandani, na ukiisogeza kidogo mashine yako itasoma kadi zake yenyewe lakini haitasoma za mwingine. La pili, usipime koili za kichwa kwa multimita kwenye oma "ili tu kuona". Multimita hupitisha mkondo wa moja kwa moja, na mkondo huo unaweza kukiacha kichwa kikiwa sumaku, kikifuta kila kadi kidogokidogo. Kama umeshapima, tumia kifaa cha kuondolea sumaku kwenye vichwa vya kaseti: kiwashe kikiwa mbali, kisogeze, kipitishe taratibu, kirudishe mbali ndipo ukizime. Kadi zako ziwe chumba kingine.

Kuchagua mpira: pima, usikisie

Utakutana na watu wanaokutajia saizi moja ya mrija au ya oringi (pete ya mpira) kana kwamba inafaa mashine zote. Usiifuate bila kupima yako, kwa sababu modeli zinatofautiana na wengine wameshazifanyia mashine zao marekebisho kabla yako.

Pima vitu vitatu kwa kalipa: kipenyo cha chuma kitupu cha rola, nafasi kati ya uso wa chuma hicho na uso wa pili unaoibana kadi, na unene wa kadi. Unene wa mpira unaotakiwa ni nafasi hiyo, toa unene wa kadi, ongeza kidogo cha kubana. Kwa kubana, milimita 0.15 hutosha.

Tuseme, kwa kujifunza hesabu tu, chuma ni milimita 3.00, nafasi ni 1.60, kadi ni 0.20. Unene wa mpira ni 1.60 toa 0.20 ongeza 0.15, yaani 1.55. Kipenyo cha nje kitakuwa 3.00 ongeza mara mbili ya 1.55, yaani 6.10. Ona pia kwamba 1.55 ni pungufu ya 1.60: kadi isipokuwepo, mpira haugusi upande wa pili. Hivyo ndivyo ninavyopenda, maana mpira uliobanwa mahali pamoja miezi sita hupata bapa, na bapa hilo litaitikisa kadi kila mzunguko.

Kipenyo cha nje kina kazi nyingine: ndicho kinachoamua kasi. Kila mzunguko wa rola unavuta kadi kwa urefu wa mzingo wake. Ukiweka mpira wa 6.40 badala ya 6.10, kadi itakwenda haraka kwa karibu asilimia 5. Mashine itajisomea kadi ilizoandika yenyewe, kwa kuwa imeandika na kusoma kwa kasi moja, na wewe utafurahi. Kisha utaingiza kadi ya mwaka 1978 na itaikataa.

Kwa nyenzo, mrija wa silikoni laini ndio chaguo langu la kwanza. Haulainiki kwa umri kama mpira wa kiwandani uliokuwamo na unashika kadi bila kunata. Chagua wenye tundu dogo kidogo kuliko chuma, karibu asilimia 10, ili ujibane wenyewe, lakini kumbuka ukitanuka unapungua unene, hivyo pima tena ukishauvika. Oringi mbili zilizokaa kando kwa kando nazo hufanya kazi nzuri mradi ziwe na kimo sawa. Moja ikizidi, kadi itapinda na kuingia upande. Mirija ya kusinyaa kwa joto iache. Ni migumu na inateleza.

Kuukata mrija nako kuna namna yake. Uvike kwenye shingo laini ya keekee yenye kipenyo sawa na ekseli, weka wembe juu yake kwa pembe ya mraba, kisha viringisha keekee mezani huku wembe umetulia. Wembe unazunguka mrija na kuacha ncha iliyonyooka. Ukikata kwa mkasi ncha inakuwa ya mshazari, na rola inapata kigingi kinachogonga.

Kuuvika, chovya mrija kwenye alkoholi na uusukume ungali na unyevu. Unateleza kama samaki kwa sekunde kadhaa, muda wa kuusogeza mahali pake, halafu alkoholi inakauka na unashika. Acha saa moja. Gundi haihitajiki, na gundi za kawaida hazishiki silikoni hata hivyo. Zungusha ekseli kwa kidole ukiangalia ukingo wa mpira dhidi ya mwanga: ukipanda na kushuka, uvue, ugeuze, uvike tena.

Mota na saketi

Kama mota inazunguka kwa mlio wa sawasawa, iache. Kama inalia kwa kukwama, itenge na saketi kwanza, ndipo uipe volti 1.5 kutoka betri moja. Kamwe usipeleke umeme wa nje kwenye mota ambayo nyaya zake bado ziko kwenye bodi. Mara nyingi imekwama kwa grisi iliyoganda. Izungushe kwa vidole mara kadhaa, weka tone moja la mafuta mepesi ya saa kwenye beringi kwa ncha ya pini, na uijaribu tena. Tone moja. Gia nazo zinapata mguso mdogo wa grisi ya plastiki, rola haipati kitu.

Mashine nyingine zina potenshomita ndogo ya kurekebisha kasi ya mota. Weka alama ya kalamu mahali ilipo kabla hujafikiria kuigusa, na usiiguse mpaka umalize majaribio yote ya chini.

Mota ikikataa kabisa na betri ni nzuri, kagua swichi: ndimi za shaba zikiwa na ukungu mweusi, pitisha karatasi nyeupe iliyoloweshwa alkoholi katikati yake. Baada ya hapo shuku kapasita za tantali. Zikizeeka hupitisha umeme moja kwa moja, na kapasita inayosoma karibu oma sifuri pande zote mbili hata baada ya kuitoa kwenye bodi imekwisha. Badilisha kwa thamani ileile, ukizingatia upande wa chanya. Zaidi ya hapo ni chipu za kisomaji zenyewe, na kwa hizo dawa ni kutafuta mashine ya vipuri.

Majaribio, kwa mpangilio huu

Rudisha vigololi, hesabu mara ya pili, funga kisomaji, unganisha bila kufunga kasha. Kata kipande cha karatasi nene au plastiki chenye ukubwa na unene wa kadi na ukipitishe kwanza. Kinatakiwa kuvutwa kulia kwenda kushoto kwa mwendo mmoja, bila kusita katikati, na sauti ya mota ishuke kidogo tu kinapoingia. Sauti ikizama sana, mpira umebana kupita kiasi. Kikisita, bado kuna mtelezo.

Sasa kadi tupu isiyo na thamani. Kwenye HP-67, weka swichi kwenye W/PRGM (hali ya kuandika programu) na uandike hatua tatu: f LBL A, g x², h RTN. Ingiza kadi; ikitoka imeandikwa. Zima mashine, subiri, washa, hakikisha swichi iko RUN (hali ya kuendesha programu), ingiza kadi upande uleule. Bonyeza 12 kisha A.

Ukiona 144.00, kisomaji kimeandika na kimesoma. Ukiona 0.08, kadi haikusomwa: mashine ikiwashwa bila programu, kitufe cha A hufanya kazi ya moja gawanya kwa namba, na moja gawanya kwa 12 ndiyo hiyo 0.08. Neno Error likitokea, kichwa kimepata kitu lakini hakikukamilika. Rudi kwenye usafi wa kichwa na mtelezo wa rola.

Kabla ya kushangilia, rudisha swichi W/PRGM na upite hatua kwa hatua kwa kitufe cha SST. Ya kwanza ionyeshe 31 25 11, ya pili 32 54, ya tatu 35 22. Namba hizi ni safu na nafasi ya kila kitufe. Kisha jaza programu ndefu kuliko hatua 112, ambazo ndizo zinazoenea upande mmoja, na uandike tena. Mashine itaonyesha Crd kuomba upande wa pili. Soma pande zote mara kumi. Mimi sikubali tisa kati ya kumi. Ile moja ina sababu, na sababu hiyo itakua.

Mwisho, kadi ya zamani. Itazame kwa mwanga: ikiwa na madoa meusi, ifute kwa kitambaa laini chenye alkoholi kidogo upande wa sumaku, bila kusugua maandishi ya upande wa juu. Angalia kona yake. Kona iliyokatwa inaizuia mashine kuiandika. Kama haijakatwa, na swichi ikiwa W/PRGM kwa bahati mbaya, programu ya miaka arobaini na tano itafutwa kwa sekunde moja na nusu. Soma swichi kwa sauti: "RUN." Ndipo uingize.

Ikisoma kadi zake na kukataa za zamani zote, tatizo ni kasi au pembe ya kichwa, na kwa kawaida ni kasi: pima upya kipenyo cha mpira kabla ya kufikiria potenshomita. Ikisoma za zamani baadhi tu, jaribu zile zilizokataa mara kadhaa, ukiipa kadi msukumo mdogo sana wa kuingia kisha uiache. Kadi nyingine zimefifia kweli, na hiyo si kazi ya rola.

Kila kadi ya zamani inayosoma, usiitoe kichwani mwako kabla ya kuinakili. Weka kadi mpya, badili swichi kuwa W/PRGM, ipitishe, kisha pita programu yote kwa SST na uandike namba za hatua kwenye daftari, moja baada ya nyingine. Hatua 224 zinachukua kama nusu saa. Ile ya asili kata kona yake kama haijakatwa, na uirudishe kwenye mfuko wake.

Sasa funga kasha, rudisha lebo, kaza skrubu kwa vidole viwili tu.